Mafundi umeme, turudi tukaweke alama kwenye waya mweusi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watu wa aina mbili: wanaobadilisha swichi za taa wenyewe majumbani, na mafundi wenzangu tuliofunga umeme katika nyumba nyingi za Mwanza tangu miaka ya tisini. Barua ni ndefu. Ukilazimika kuipunguza, nakuomba usiguse sehemu ya waya mweusi, maana hapo ndipo alipoumia mwanangu.

Jumanne ya wiki iliyopita, jua likizama, kijana wa marehemu dada yangu alipigwa shoti kwenye korido ya nyumba anayopanga huku Igogo mlimani. Swichi ya taa ya korido ilikuwa mbovu. Kila ukiibonyeza inalia kama kitunguu kwenye mafuta ya moto, na plastiki yake ilishaanza kugeuka kahawia upande mmoja. Alinunua mpya mjini kwa shilingi elfu tatu, akarudi nayo na bisibisi na testa ya kupimia kama waya una moto, yaani umeme. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki. Yeye alikuwa pekupeku.

Akafungua kava, akavuta nyaya nje ya boksi, akakuta tatu: nyekundu mbili na nyeusi moja. Taa ilikuwa imezimwa. Akapima. Nyekundu ya kwanza ikawasha testa. Nyekundu ya pili haikuwasha. Mweusi nao haukuwasha. Akasema moyoni, kama alivyonieleza baadaye, "Wa moto nimeshaujua, huu mweusi ni nyutro," yaani waya wa kurudishia umeme ukishapita kwenye taa. Akalegeza skrubu, akautoa ule mweusi, akashika ncha yake ya shaba kwa vidole ili ainyooshe.

Saa ileile mdogo wake, anayesoma kidato cha pili, alikuwa anaingia kutoka shule. Korido ina giza. Akafanya anachofanya kila jioni, akabonyeza swichi ya mlango wa mbele.

Kaka yake akarushwa nyuma, akaangukia mkono, na mfupa wa kifundo ukavunjika. Yu hai, namshukuru Mungu. Nilipoitwa nilipanda kwa miguu, maana ngazi zetu za mawe bodaboda hazipandi, nikamkuta ameketi kizingitini ameupakata mkono, na mdogo wake analia akidhani ni yeye aliyemuua kaka yake. Kijana aliponiona neno lake la kwanza lilikuwa hili: "Mama mdogo, ule mweusi haukuwa na kitu. Niliupima."

Nikamuuliza, "Uliupima saa ngapi?"

Aliupima kabla mdogo wake hajaingia. Jibu lote liko hapo.

Taa ya korido ile ni ya tuwei, yaani taa moja yenye swichi mbili, moja mlango wa mbele na nyingine mlango wa uani. Katika taa ya namna hiyo, kati ya swichi na swichi hupita nyaya mbili, na wakati wowote mmoja wapo una moto. Swichi ya mbele ndiyo inayochagua ni upi. Ukiibonyeza, moto unahama kutoka waya mmoja kwenda mwenzake. Kwa hiyo kijana alipopima, moto ulikuwa kwenye nyekundu. Mdogo wake alipobonyeza, moto ukahamia kwenye mweusi uliokuwa vidoleni mwake. Ile nyekundu ya pili ndiyo inayopanda kwenda kwenye balbu. Nyutro haimo kabisa ndani ya boksi lile. Nyutro ya taa iko juu darini, kwenye holda, haina safari ya kushuka ukutani.

Kijana huyu si mgeni wa waya, na hili nataka wasomaji walielewe, wasije wakasema ni ujinga wa mtu asiyejua kitu. Kazi yake ni kuchaji betri na kutengeneza taa za wavuvi wa dagaa pale Kirumba Mwaloni. Zile taa mnazoziona usiku ziwani kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji, baadhi zimepita mikononi mwake. Kwenye betri ya volti 12 mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi, na ukiwa na mikono mikavu unaweza kushika huo mweusi, hata huo mwekundu, usisikie chochote. Miaka sita mikono yake imefundishwa kwamba mweusi ni rafiki. Umeme wa nyumbani ni volti 230, na moto wake unageuka mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde. Hapo hakuna chanya wala hasi ya kudumu. Kuna waya wa moto, kuna nyutro, kuna ethi inayokwenda ardhini, na kuna huu wa nne ambao watu hawaambiwi habari zake: waya unaorudi kutoka swichi kwenda kwenye taa. Huo unakuwa na moto taa ikiwaka, na unanyamaza taa ikizimwa.

Sasa niseme linaloninyima usingizi. Nyumba ile umeme wake niliufunga mimi, mwaka 1999. Waya ule mweusi niliuvuta mimi kwa mikono hii, nikiwa nimeshafaulu majaribio ya ufundi na nikijua kabisa ninachokifanya. Chuoni tulifundishwa hivi: ukitumia kebo yenye waya mwekundu na mweusi kushuka kwenye swichi, ule mweusi si nyutro tena, kwa hiyo uuzungushie tepu nyekundu ncha zote mbili ili atakayefungua kesho ajue kwamba unaweza kuwa na moto. Sikufanya hivyo. Mfukoni nilikuwa na tepu nyeusi tu, ya nyekundu ingenibidi nishuke mjini, na mwenye nyumba alikuwa anahesabu siku. Nilisema, "Fundi atakayekuja atajua." Fundi aliyekuja ni mtoto wa dada yangu, naye alikuwa hajui.

Ndiyo maana naandika kwa jina la kazi yangu na si kama jirani mwenye hasira.

Watu wanapenda kuambiwa: mwekundu moto, mweusi nyutro, kijani ethi. Maneno hayo ni kweli kwenye soketi ya nyumba ya zamani iliyofungwa sawasawa. Yapeleke kwenye swichi ya taa, yanaua. Kwenye swichi ya kawaida ya taa moja mara nyingi utakuta nyaya mbili tu, mwekundu unaoleta moto na mweusi unaoupeleka kwenye taa. Kazi ya swichi ni kuufunga na kuufungua mlango wa moto, haihitaji nyutro kwa kazi hiyo. Nimeona watu wanaotaka soketi karibu na kitanda wakaichota kwenye swichi ya taa, mwekundu kushoto, mweusi kulia, halafu wanashangaa kwa nini simu haichaji na taa inawaka nusunusu. Wameipanga soketi foleni moja na balbu. Hilo nalo linatokana na kuuita mweusi nyutro.

Halafu rangi zenyewe zimebadilika. Mwekundu na mweusi tulirithi kwa Waingereza. Wao wenyewe walianza kuziacha mwaka 2004, na kuanzia 2006 kazi mpya kwao zinatakiwa ziwe za rangi nyingine: kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, kijani chenye mstari wa njano kwa ethi. Madukani kwetu utakuta aina zote mbili kwenye rafu moja. Nyumba iliyojengwa vyumba viwili vya mbele mwaka 1999 na vya uani mwaka 2015 inaweza kuwa na lugha mbili ndani ya ukuta mmoja. Na kwa wenye umeme wa laini tatu, yaani nyaya tatu za moto na nyutro moja, mambo ni mazito zaidi: katika mpangilio wa zamani bluu ilikuwa laini ya tatu yenye moto na mweusi ndio nyutro, katika mpangilio mpya mweusi ni laini yenye moto na bluu ndiyo nyutro. Zimebadilishana viti. Fundi asiyejua hilo akifungua boksi la nyumba ya wageni au mashine ya kusaga, namwombea.

Vijana siku hizi wanajifunza kwa video za simu. Sina ugomvi na kujifunza. Lakini nyingi ya video hizo ni za Marekani, na Marekani volti zao nyumbani ni 120, mweusi kwao ndio waya wa moto, na nyutro yao ni nyeupe. Kijana wa Nyegezi akimfuata mtu wa Chicago hatua kwa hatua, mikono yake itakuwa Nyegezi na rangi zitakuwa Chicago.

Tena kuna fundi aliyeishiwa waya mwekundu saa kumi jioni akamalizia na kipande chochote alichonacho. Nimefungua raundi boksi, lile la maungio ya nyaya, darini nikakuta waya wa moto ni wa kijani. Kijani! Rangi ambayo kila mtu amefundishwa kwamba ni salama. Kwa hiyo mimi, baada ya miaka hii yote, nikifungua swichi nisiyoijua, rangi naitazama mwisho kabisa.

Nitaeleza ninavyofanya, maana najua watu wataendelea kubadilisha swichi wenyewe hata nikiwakataza kwa machozi. Fundi akiitwa kwa swichi moja anadai nauli na chakula, na mpangaji ana elfu tatu tu. Nyumba yenye hitilafu kubwa, kuta zinazotoa shoti, au boksi la meni linalonuka kuungua, hiyo mwachieni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Swichi iliyovunjika kava, mtu makini anaweza.

Naanza kwenye boksi la meni. Nazima sakiti breka ya taa, mara nyingi imeandikwa 6 au 10, na kama sijui ni ipi nazima meni swichi nzima. Kuzima swichi ya taa pale ukutani si kuzima umeme. Na umeme kukatika mtaani si kuzima umeme. Nasisitiza hili, maana watu wengi wa hapa husubiri umeme ukatike ndipo wafungue soketi, wakidhani wamepewa nafasi. Umeme unarudi bila kubisha hodi, nawe shaba umeishika. LUKU ikiisha uniti ni vilevile, kuna ndugu aliye mbali anakununulia, mwenzako anaingiza tarakimu kwenye mita, na wewe uko na bisibisi. Nyumba yenye sola na inveta ina mlango wa pili wa umeme, nao uzimwe.

Nikishazima nawaambia watu wote wa nyumba, kwa sauti, mmoja mmoja, kwamba nimezima na asiguse mtu. Naweka tepu juu ya ile breka. Kama kuna mtoto mwenye mazoea ya kurudisha breka, namkabidhi kazi ya kunishikia tochi.

Testa naipima kwanza mahali ninapojua pana moto, mfano soketi ambayo sijaizima. Ikiwaka, ni nzima. Kisha napima kila waya ndani ya boksi la swichi, mweusi, mwekundu, kijani, wote bila kubagua. Namwomba mtu abonyeze swichi ya upande wa pili, napima tena wote. Nabonyeza na hii ya kwangu, napima tena. Nikimaliza narudi kwenye ile soketi yenye moto kuhakikisha testa haijafa katikati ya kazi. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Testa ya bisibisi ina kitaa kidogo sana cha neoni, inawaka kwa sababu umeme kidogo mno unapita mwilini mwako kwenda ardhini. Ukiwa umevaa viatu vya mpira na umesimama juu ya kiti kikavu, au jua linapiga dirishani, inaweza kuwaka hafifu usione. Na inaweza kuwaka kidogo kwenye waya usio na moto, kwa sababu waya huo umelala ubavuni mwa wenye moto ndani ya bomba moja. Kwa hiyo testa ikiwaka, amini kuna hatari. Isipowaka, usiamini kwamba kuna usalama kama hujazima kule kwenye boksi. Mwenye uwezo anunue maltimita, aiweke kwenye volti za umeme unaogeuka, zaidi ya 230, apime kati ya kila waya na ethi, halafu kati ya waya na waya. Hiyo inakupa namba, nayo namba haifichwi na jua la dirishani.

Baada ya hapo napiga picha kwa simu kabla sijalegeza hata skrubu moja. Kisha naandika. Kipande kidogo cha karatasi chini ya tepu kwenye kila waya: huu ulikuwa COM, huu L1, huu L2. COM ndilo tundu la pamoja, L1 na L2 ndiyo mawili ambayo swichi huchagua kati yake. Herufi hizo zimechongwa mgongoni mwa swichi, wakati mwingine ndogo kiasi cha kuhitaji tochi. Kwenye swichi ya tuwei, kosa ni kufuata mahali badala ya herufi. Swichi ya zamani COM yake inaweza kuwa juu, mpya ikawa chini. Ukihamisha waya wa juu kwenda juu na wa chini kwenda chini, taa itawaka kutoka mlango mmoja na kukataa kutoka mwingine, na hapo ndipo mtu huanza kujaribujaribu huku umeme umewashwa, na ndipo wengi wanapoumia. Kwenye swichi ya taa mbili utakuta kipande kifupi cha waya kinachounganisha COM na COM. Kisitupwe, ndicho kinachopeleka moto upande wa pili.

Nahamisha waya mmoja mmoja. Ncha ya shaba iingie yote ndani ya tundu, isichungulie nje. Nakaza skrubu, halafu nauvuta waya kwa nguvu ya mkono wa kawaida. Ukitoka, ulikuwa haujakaa. Ile swichi ya Igogo iliyokuwa inalia kama kitunguu ugonjwa wake ulikuwa huu tu, skrubu iliyolegea. Waya ukicheza pale unatoa cheche, cheche zinaleta joto, joto linalegeza zaidi. Huku karibu na maji shaba nayo inashika kutu ya kijani, hasa swichi za nje na za bafuni, na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi kufuata taa nimeshawakuta wamekauka ndani ya boksi kiganja kizima. Nawapuliza, nasafisha, nakata ncha iliyooza na kuchuna mpya.

Kuna dalili moja nawaomba watu waiangalie hata kama hawana mpango wa kufungua kitu. Balbu ya LED ikibaki inafifia gizani wakati swichi imezimwa, sababu mojawapo ni kwamba swichi imefungwa kwenye nyutro badala ya waya wa moto. Taa itazimika na kuwaka kama kawaida, mwenye nyumba ataridhika, lakini holda ina moto usiku na mchana. Siku unabadilisha balbu umesimama juu ya kiti cha chuma, unaingiza kidole mahali penye volti 230 huku unaamini umezima. Muite fundi, mwambie unachokiona. Kurekebisha hakuchukui saa moja.

Mtu atauliza, sakiti breka si ingemwokoa kijana? Isingemwokoa. Breka ya taa ya ampia 6 inalinda waya usiungue. Mwanadamu anaweza kufa kwa umeme wa sehemu chache tu za ampia moja. Kifaa cha kulinda watu, kiitwacho RCD, kina kitufe cha kujaribia, kimeandikwa 30mA, maana yake kinakata umeme ukivuja sehemu 30 kati ya elfu moja za ampia. Kati ya 30mA na ampia 6 kuna tofauti ya mara 200. Nyumba nyingi za kupanga nilizoingia hazina kifaa hicho. Mwenye nyumba akinunua bati jipya huwa anajulikana mtaa mzima, na mimi natamani anunue na hiki.

Nasi watu wa Mwanza tuna sababu yetu ya pekee ya kukihitaji. Mji wetu umekaa juu ya mawe. Fundi anapogongomea nondo ya ethi huku Igogo, Mabatini au Isamilo, inaingia futi moja inagonga mwamba. Nimeona nondo zilizokunjwa, zilizokatwa kwa msumeno, zilizolazwa kwenye udongo wa juu kama mtu aliyefukiwa haraka. Kiangazi udongo ule ukikauka, ethi haina pa kwenda. Tuseme ukinzani wake ni omu 100: volti 230 zitasukuma ampia 2.3 tu ardhini, na breka ya ampia 6 haitashtuka. Boksi la chuma la swichi linaweza kukaa na moto mpaka mtu aliguse. Mahali penye mwamba, ethi itafutiwe udongo wenye unyevu hata kama ni hatua ishirini kutoka ukutani, ipimwe, na kifaa cha 30mA kiwepo. Hili ningeweza kuliandikia barua nyingine.

Narudi kwenye korido. Kwa nini kijana hakuzima? Nilimuuliza. Sakiti breka za nyumba yote ziko ndani ya chumba cha mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa amesafiri kwenda Sengerema, ng'ambo ya maji, na funguo yake. Wapangaji wanne, mita moja, kufuli moja. Hata angekuwepo, mama wa chumba cha mbele ana friji la samaki, na saa ile vijana walikuwa wanangojea mpira. Anayezima umeme wa nyumba ya watu wengi lazima aombe ruhusa milango minne, na kijana ameona aibu kwa ajili ya swichi ya elfu tatu. Wenye nyumba, ninyi mnaopokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, toeni boksi la meni chumbani mwenu. Likae koridoni, juu, mahali mtoto hafiki na mtu mzima anafika. Mpangaji anayeungua hana muda wa kusubiri kivuko, wala daraja la Busisi halimsaidii. Na ninyi wapangaji wenzake, mtu akisema nazima dakika kumi, mwacheni azime. Samaki haozi kwa dakika kumi.

Mafundi wenzangu, sasa ni zamu yetu. Najua ninyi mnazo nyumba zenu kama mimi nilivyo na zangu. Mnakumbuka siku mlizomaliza mkikimbizwa, mnakumbuka waya mweusi mlioushusha kwenye swichi mkauacha mtupu. Rola moja ya tepu nyekundu inatosha nyumba kumi na zaidi. Tangu Jumatano nimeanza kuzunguka. Nimeshafika nyumba nne, mbili Igogo, moja Mkuyuni, moja Pasiansi. Nazima, napima, nafungua kila swichi, nauvalisha mweusi tepu nyekundu, na ndani ya mlango wa boksi la meni nabandika karatasi yenye mchoro: swichi hii ni tuwei na ile, taa ya uani iko kwenye breka ya tatu, ethi iko nyuma ya choo. Sidai pesa. Nyumba mbili walinipa chai. Moja mwenye nyumba wa sasa alinikatalia kuingia kwa sababu hanifahamu, aliyenipa kazi alishafariki, nami sikumlaumu. Nitarudi na mjumbe wa mtaa.

Wanaofundisha vyuoni, pale VETA na kwingineko, nawaomba mwanafunzi asihesabiwe amemaliza swichi kama waya wa kurudi hauna alama. Akose alama za mtihani kwa kukosa alama ya tepu. Na wauza vifaa vya umeme, mtu akinunua swichi muulizeni kama ni ya taa yenye mlango mmoja au miwili, na muwekeeni kipande cha tepu nyekundu ndani ya mfuko. Nimemwomba mwenye duka mmoja ninayenunua kwake, amekubali.

Kijana anaendelea vizuri. Bandeji gumu litakaa wiki sita, na betri za wavuvi anazichaji kwa mkono mmoja, mdogo wake akimsaidia jioni. Swichi mpya bado iko kwenye pakiti yake juu ya kabati. Mwenye nyumba amerudi, tumezungumza, na funguo ya chumba chenye boksi imeachwa kwa mama wa friji mpaka boksi litakapohamishwa. Tumepatana Jumamosi saa nne asubuhi. Wapangaji wote wameshaambiwa, mama ametafuta barafu ya samaki wake, na mdogo mtu atasimama mlango wa mbele, mbele ya ile swichi, mikono mfukoni.

Wako katika kazi,

Mama Fundi, fundi umeme,
Igogo, Mwanza